Mtu wa kwenye kioo: kisa cha picha moja ya kupamba

Simu ilitetemeka mfukoni mara saba nikiwa nimepiga magoti mbele ya jukwaa, spika za besi zikinigonga kifuani. Kwenye tamasha mpiga picha huachiwa nyimbo tatu za mwanzo, bila flashi, kisha huondolewa pale mbele. Kwa hiyo sikuishika. Wimbo wa tatu ulipokwisha nikasogea nyuma ya jenereta, nikaipigia ile nambari nisiyoijua.

"Assalamu alaikum. Wewe ndiye uliyepiga picha kwenye kupamba jana?"

"Wa alaikum salaam. Ndiye mimi, mama. Kwani bibi harusi ana neno?"

"Bibi harusi hana neno. Mimi ndiye wa kwenye kioo."

Sikumwelewa. Nilimwelewa saa nne na nusu usiku, nilipofika nyumbani nikafungua laptopu.

Kisa hiki nimewasimulia wapiga picha wenzangu hapa Mombasa mara nyingi, na kila mara huambiwa kwamba kosa ni la mpambaji. Sikubaliani nao, na ndiyo maana nakiandika chote.

Kwa asiyezijua harusi za Waswahili: nikahi ni ya wanaume, mara nyingi msikitini, na usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Wanaingia ukumbini na mabuibui. Wakishavuka mlango mabuibui yanavuliwa, na chini yake kuna magauni ya kumetameta, dhahabu, nywele zilizoshindiwa saluni tangu asubuhi, harufu ya udi na asumini. Mlangoni huwekwa kina mama wawili watatu, wale wasiotaniwa, wanakusanya simu au wanabandika kikaratasi juu ya kamera ya kila simu. Anayecheza muziki ni mwanamke, anayepitisha sinia ya viazi karai ni mwanamke, na mpiga picha ni mwanamke. Hilo la mwisho ndilo linalonilisha. Wenzangu wa kiume hubaki na nikahi na picha za bustanini, mimi huitwa ndani.

Mwisho wa usiku bwana harusi huja na ndugu zake kumtazama mkewe. Hutangazwa, "Wanaume wanaingia, jisitirini!" na kwa nusu dakika ukumbi mzima huhama kutoka rangi zote za vitambaa vya Biashara Street hadi weusi mtupu. Katika nusu dakika hiyo mimi hushusha kamera. Hakuna aliyenifundisha, nilijua tu tangu harusi yangu ya kwanza kwamba yule anayehangaika kutafuta mkono wa buibui lake hapaswi kuwa ndani ya picha ya mtu. Nalitaja hili mapema kwa sababu siwezi kudai kwamba sikujua mlango ule una maana gani. Nilijua.

Mapatano

Bibi harusi alinilipa arbuni ya shilingi 15,000 kwa M-Pesa, katika jumla ya 40,000. Mkataba wetu ulikuwa ujumbe mmoja wa WhatsApp: "Sura yangu isionekane mtandaoni. Macho na mikono yenye hina sawa." Nikamjibu, "Sawa habibti, usiwe na shaka." Basi. Juu ya wageni mia mbili na ushee waliokuwa wavue mabuibui mbele ya lenzi yangu, hatukuandika hata neno moja.

Siku hizi nikiusoma ujumbe ule huona jinsi sisi wawili tulivyomwona mtu mmoja tu. Yeye ndiye aliyelipa, basi yeye ndiye aliyepewa masharti, na sura yake ndiyo iliyolindwa.

Picha yenyewe

Chumba cha kupambia kilikuwa nyuma ya ukumbi, kidogo, na kabati la kioo ukutani. Bibi harusi amekaa upande, macho ameyafumba nusu, na mkono wa mpambaji unamalizia wanja kwa brashi nyembamba. Nilitumia lenzi ya milimita 35 kwa kuwa chumba hakikuniruhusu kurudi nyuma, na nikalibana tundu la lenzi linalopitisha mwanga hadi f/5.6, kwa sababu nilitaka brashi, kope na ncha za vidole vyenye hina vyote viwe wazi. Flashi niliielekeza dari nyeupe, mwanga ukashuka laini chumba kizima. Kwa upande wa kazi ni picha nzuri. Nasema hivyo hadi leo.

Kwenye ukingo wa kulia kuna kipande cha kile kioo, na ndani ya kioo kuna mlango ulio wazi, na mlangoni amesimama mama wa makamo, kichwa wazi, nywele zimefungwa na asumini, mkono mmoja umeshika sikio akivaa herini. Hakuwa akitazama kamera. Hakujua kwamba kamera inamtazama.

Hapa pana jambo la ufundi ambalo wengi wetu tunalisahau. Kilichomo kwenye kioo hakikai juu ya uso wa kioo. Kwa lenzi, mtu yule yuko mbali kwa jumla ya safari mbili: kutoka kwangu hadi kiooni, na kutoka kiooni hadi kwake. Alikuwa kama mita tano. Ningekuwa na ile lenzi yangu ya 85 kwenye f/1.8, tundu likiwa wazi sana, angegeuka kuwa doa la rangi. Kwa 35 na f/5.6 alififia kidogo tu. Asiyemjua asingemtambua, anayemjua alimtambua kwa kutupa jicho mara moja. Na kwa mwenye kujali nywele zake zimeonekana na nani, anayemjua ndiye wa kuhesabiwa.

Mikono minne

Jumamosi usiku nilirudi na picha 1,140. Jumapili nilikuwa na tamasha, geti linafunguliwa saa kumi na mbili jioni. Kati ya adhuhuri na saa kumi nikachambua 60 za haraka, zile ambazo bibi harusi wa leo anazitaka kabla hata hina haijakauka. Nilichambua kwa mwendo wa tamasha: picha ndogo ndogo kwenye skrini, jicho liko makini, flashi haijaunguza, twende. Kazi za muziki ndizo zilizonizoesha hivyo. Mwandalizi anataka picha usiku uleule, kesho asubuhi zimeshachacha. Kasi ile imenipa kula, lakini nilipoiingiza kwenye harusi niliingiza mwiba.

Zile 60 nikaziweka Google Drive, nikafungua kwa yeyote mwenye linki, nikamtumia bibi harusi, nikabeba begi.

Bibi harusi akamtumia linki mpambaji wake: "Chukua unazotaka, si umefanya kazi kubwa." Mpambaji ni mwanamke mwangalifu, lazima niseme. Alichagua picha ya macho. Alijua sharti la sura, akaikata kuanzia chini ya pua, kisha akaikata juu. Kulia hakukata, kwa sababu pale kulia alikuwa anatazama brashi yake. Akaiweka Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp saa mbili usiku. Mpwa wa yule mama akaiona. Kufikia saa tatu kasoro ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la familia, na kutoka hapo ikatoka nje ya familia.

Tazama safari yenyewe. Mimi nilikuwa na ruhusa ya bibi harusi. Mpambaji alikuwa na ruhusa ya bibi harusi. Mpwa alitumiana na dadake, mambo ya nyumbani. Kila mmoja, ukimuuliza, ana ruhusa aliyopewa na aliyemtangulia. Aliyekuwa kwenye kioo hakuulizwa na yeyote, na asingeweza kuulizwa, kwa kuwa hakuna aliyemwona. Wa kwanza kupaswa kumwona alikuwa mimi. Kabla yangu hapakuwa na picha.

Ndiyo sababu siwezi kumtupia lawama mpambaji. Yeye aliangalia kazi yake. Kazi yangu ni kuangalia fremu nzima, mpaka pembeni, ndicho ninacholipwa.

Yule mama, nikaja kujua, ni shangazi wa bwana harusi na ni mwalimu wa madrasa. Miaka zaidi ya ishirini wazazi wa kiume wa mtaa wanamsalimia akiwa amejisitiri. Jumapili ile wengine wao walimwona na asumini kichwani.

Uchochoroni na ukumbini

Kinachoniuma ni kwamba nje huwa mwangalifu mno. Asubuhi nisipokuwa na kazi hupita Mji wa Kale na kamera, kutoka Ndia Kuu hadi nyuma ya Fort Jesus, napiga milango, mikokoteni ya maji, wazee wa kahawa. Watoto hunikimbilia wakitaka kupigwa. Lakini mwanamke akitokea kwenye kona na buibui na ninja, kile kitambaa cha kuziba uso, kamera inashuka yenyewe, namsalimia, anapita. Wageni wanaotoka kwenye meli huwapiga tu, na wakazi wanawakemea kweli, na mimi huwaunga mkono wakazi.

Sasa fikiri. Uchochoroni mwanamke yule tayari amejisitiri, hata nikimpiga sijapata kitu. Ukumbini amevua kwa kuuamini mlango, na mimi ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kuupita mlango ule na kamera isiyobandikwa karatasi.

Zamani mambo haya yalijiendesha. Watu wa makamo wa hapa bado wana picha za studio, kama ya Parekh pale mjini: negativu ilibaki studio, picha ikaenda kabatini, ikatolewa kwa mgeni wa kike akija kunywa chai. Kabati lilikuwa na ufunguo. Linki yangu haikuwa nao.

Sheria inasemaje

Wiki ile nilisoma sheria kuliko nilivyosoma maisha yangu yote, kwa hofu. Nilichokikuta kilinishangaza mara mbili.

Kwanza, nilidhani picha ni zangu kwa kuwa nimezipiga mimi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaanza hivyo, haki ni ya mtunzi. Kisha inaongeza kwamba kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, ila mkiwa mmekubaliana vingine. Mimi na wateja wangu hatujawahi kukubaliana vingine, kwa kuwa hatujawahi kukubaliana chochote. Harusi zote nilizotundika kwenye ukurasa wangu kama bango la duka, nilikuwa natundika mali ya watu.

Pili, hata hilo halimsaidii wa kwenye kioo. Yeye hakuagiza wala hakulipa. Kinachomhusu ni kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sura inayotambulika ni data ya mwenye sura. Sheria inaachilia mambo ya kibinafsi na ya nyumbani, kwa hiyo bibi harusi kumwonyesha dadake si kesi. Mimi na mpambaji tulikuwa kazini, tunatafuta wateja, na kwa matumizi ya biashara inatakiwa idhini ya waziwazi ya mwenye data. Wala si sheria ya kwenye karatasi tu: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Ile ya klabu niliisoma mara mbili. Mimi hupiga umati wa matamasha na kuuza, na sijawahi kumuuliza mtu.

Yule mama angeweza kwenda huko. Hakwenda. Aliniita nyumbani.

Jumanne baada ya alasiri

Sikwenda peke yangu. Mambo ya namna hii hayaendewi mikono mitupu wala bila mtu mzima. Nilifuatana na mamake mdogo bibi harusi, tukachukua halua, tukaingia Kibokoni. Mwenyewe alitupokea vizuri, ikaja sharubati ya ukwaju, akaniuliza mamangu hajambo. Kisha akasema, "Haya, fungua. Nionyeshe zote nilizomo."

Tulipitia 1,140, moja moja, karibu saa mbili nzima. Alikuwemo kwenye 23. Nyingine ni mgongo wake tu, nyingine ni mkono kwenye sinia. Kila akijiona alinyoosha kidole, "Hiyo." Sikujitetea. Nilipofika ya kioo nilitaka kuomba radhi kwa mara ya tatu, akanikata.

"Mwanangu, mimi niliuvulia mlango. Na wewe ulikuwa upande wangu wa mlango."

Mamake mdogo bibi harusi akainamisha macho kwenye ukwaju wake.

Tukafuta kwenye laptopu, kwenye diski mbili, kwenye Drive, na kwenye pipa la Drive pia, kwa kuwa kinachotupwa pale hukaa siku 30 kabla ya kuondoka. Ikabaki kadi ya kamera. Nikamwambia ukweli ambao sikulazimika kumwambia: ukifuta picha kwenye kadi, kinachoondoka ni orodha tu, picha yenyewe hulala pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na mtu mwenye programu ya bure anaweza kuirudisha. Akaniuliza, "Sasa?" Nikaelekeza kamera ukutani, nikashika kitufe. Kadi zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa kamera yangu huandika nakala kwenye ya pili. Picha elfu moja na zaidi za ukuta mweupe wa Kibokoni, nikisimama kila mara kuisubiri ipumue. Akaanza kucheka: "Kama cherehani!" Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tuingie.

Picha moja aliibakisha kabla hatujafuta. Ameshika kiazi karai, kichwa amekirusha nyuma, meno yote nje. Aliitazama sana. "Hii nioshee, kisha uifute." Nikamwoshea moja tu, tano kwa saba, nikamletea ndani ya bahasha iliyogundishwa, nikaifuta mbele yake.

Fedha sitazirefusha. Shilingi 25,000 zilizokuwa zimebaki zilizuiliwa na mamake bibi harusi mpaka shangazi aseme yameisha. Alisema baada ya wiki tatu. Mpambaji aliiondoa picha usiku uleule, baada ya saa tatu hewani, akamwomba radhi kwa simu. Mimi na yeye hatuzungumzi sana. Anaona nilimtumbukiza, na kwa upande huo ana haki.

Nilichobadilisha

Mkataba sasa ni ukurasa mmoja wa Kiswahili, na kipengele cha wageni ndicho kirefu kuliko vyote: picha yoyote yenye mgeni haitoki kwa mtu wa nje ya familia mbili bila mgeni huyo kukubali. Linki nafungulia majina, si yeyote. Mpambaji, mchora hina na mwenye ukumbi hawapati linki. Wanapata picha tano kutoka kwangu, nilizozipitia kwa ukubwa kamili, pembe zote nne. Wikendi yenye tamasha sichambui harusi, na bibi harusi akilia anataka za haraka anapata tatu za mikono.

Na nikiingia chumba cha kupambia, kitu cha kwanza natoa leso mbili begini nafunika vioo nisivyovihitaji. Kuna bibi aliyeniuliza kama chumba kina jini. Nikamwambia hapana, ni mimi tu nina macho mengi.

Matamasha bado sijayapatia dawa. Umati wa watu elfu tano hauwezi kusainishwa mkataba. Kwa sasa sura moja moja za mashabiki siziuzi, nauza msanii, mikono juu, mataa. Waandalizi wawili wameshanung'unika.

Wiki sita baada ya ukwaju ule alinijia mteja mpya, msichana wa Tononoka, harusi yake mwezi unaofuata. Akatoa simu anionyeshe anavyotaka macho yake yapambwe. "Namna hii hasa," akasema, akanisogezea. Wanja, brashi, ncha za vidole vyenye hina, na pale kulia kipande cha kioo.

Nikamuuliza ameitoa wapi. Ametumiwa na binamu yake wa Muscat.

Nikamwomba aifute. Akaifuta mbele yangu, bila kuuliza kwa nini, kisha akampigia binamu yake. Binamu hakumbuki nani alimtumia.